Basi la Kupanda Tu

Kitendawili. Tega sikio vizuri, usije ukasema nimekuchezea: nimepanda, sikuvuna, nimeshuka, sikuanguka. Ni nini?

Usiseme mkulima. Mkulima akipanda huvuna, au walau nyani humvunia. Usiseme mkwezi, maana mkwezi huangua nazi kabla ya kushuka, na hayo nayo ni mavuno. Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji, kama ada ilivyo. Hapana, huo siutaki, huo una ndugu zangu na nikifika watanitia jikoni. Huo mwingine una mbu. Nipe mji usiokuwa kwenye ramani, niende nikatembee, nikirudi nitakupa jibu lako. Umenipa? Ahsante. Naenda.

Nimekwenda mji mkuu wa nchi moja ambayo jina inalo, ila jina lenyewe hubadilishwa kila mkubwa fulani anapopandishwa cheo, nami sitaki kukutajia la wiki iliyopita ukanicheka. Kilichokuwa hakibadiliki nchini humo ni kaulimbiu. Iliandikwa kwenye kuta, kwenye magunia ya unga, na siku za sherehe iliandikwa kwa chaki kwenye vipaji vya uso vya watoto wa shule: TUNAPANDA TU.

Aliyeitunga ni mkuu wa nchi mwenyewe, Mheshimiwa Mpandishi Mkuu. Siku alipoapishwa alisema nchi ilikuwa imeshuka mno mikononi mwa waliomtangulia, na kwamba katika zama zake hakuna kitakachoshuka. Watu walipiga makofi wakidhani ni maneno ya jukwaani tu. Kumbe mwenzao alikuwa anatunga sheria.

Tangu siku ile neno "kushuka" likapigwa marufuku, lenyewe na ndugu yake "kuteremka". Bei za vitu ndizo zilizokuwa za kwanza kutii. Unga ulipanda, sabuni ikapanda, wala hakuna kilichothubutu kugeuka nyuma. Alama za wanafunzi zikapanda mpaka darasa zima likawa la kwanza. Mtu aliyekuwa ghorofani akitaka kwenda uani kuanua nguo, alisema anapanda kinyume. Mwuza samaki mmoja alisahau, akanadi kwamba leo bei imeshuka, akakamatwa na kapu lake. Mahakamani kesi ikakwama, kwa sababu karani hakuweza kusoma shitaka; kulisoma ni kulitenda. Wakakaa wanatazamana, hakimu, karani na mshitakiwa, mpaka samaki wenyewe wakaimaliza kesi kwa harufu na kila mtu akatimua mbio.

Kwa nini Mheshimiwa alilichukia neno lile, mimi sijui, na nikijua sisemi. Waliokuwa karibu naye walisema tu kwamba kila alipolisikia, mikono yake yote miwili ilishika kiti alichokalia.

Sasa katika mji huo, kwenye mtaa wa Bondeni, ambao siku hizo uliitwa Kilele cha Pili, alikuwapo bibi mmoja jina lake Bi Siwatu. Alikuwa mjane, mpishi hodari, mwenye vitendawili vingi kuliko meno, na magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Mwanatumu, na Mwanatumu alikuwa mja mzito wa mimba ya kwanza.

Njia za mabasi za mji ule zilipangwa zamani na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Basi lilitoka kwenye nyumba za mawaziri, ambao hawapandi basi, likaenda mpaka uwanja wa ndege, ambako wakazi wengi hawana safari. Lilikwenda tupu, likarudi tupu, dereva akiimba peke yake. Sokoni basi halikufika. Shuleni halikufika. Hospitali ilikuwa juu ya kilima, na mgonjwa aliyeweza kuufikia mlango wake kwa miguu, daktari alimwambia wewe mzima, rudi nyumbani.

Watu wakalalamika mpaka malalamiko yakafika Wizara ya Mwendo. Wizara ikatangaza Mkakati Kabambe wa Kuboresha Njia za Mabasi kwa Manufaa ya Mkazi wa Kawaida. Waziri wa Mwendo, Dakta Makungu, ambaye udaktari wake haujapata kumponya mtu, alichukua wataalamu wake wakaenda kujifunza katika nchi moja ya theluji. Walikaa huko kwa muda mrefu, wakala, wakapiga picha, na waliporudi walikuwa wamejifunza jambo moja: basi zuri huwa na kipasha joto chini ya viti. Wakaagiza mabasi yenye vipasha joto. Mji wenyewe ni ule ambao mbuzi huhama na kivuli cha ukuta, lakini mtaalamu ni mtaalamu.

Ndipo waziri akaja Bondeni kukusanya maoni. Wakazi walikusanywa katika ukumbi wa shule, wakaelezwa kwa kirefu kuhusu theluji, kisha wakaulizwa kama kuna mwenye la kusema. Bi Siwatu akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akasema yeye angependa basi limchukue pale nyumbani, limpeleke sokoni, limpitishe shuleni, limfikishe hospitali, limrudishe.

Wataalamu wakatazamana. Waziri akamwomba arudie polepole. Akarudia. Mmoja wao akauliza kama wazo hilo amelitoa nchi gani, na Bi Siwatu akajibu kwamba amelitoa magotini.

Na ajabu ni hii, sina budi kusema la haki: walifanya. Njia mpya ilichorwa kama kitanzi, Bondeni, sokoni, shuleni, hospitali, kisha Bondeni tena, na ilikuwa njia nzuri kabisa. Watu walipoiona siku hiyo walipiga vigelegele. Bi Siwatu alimwambia Mwanatumu azae kwa raha zake, mama yake atakuwa anafika kila siku na chungu.

Mkakati ukapelekwa kusomwa mbele ya Mheshimiwa. Waziri akasoma kwa sauti ya kupendeza, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika mahali palipoandikwa "vituo vya kupandia na kushukia".

Mikono ya Mheshimiwa ikashika kiti.

Dakta Makungu hakuwa mjinga, la sivyo asingedumu. Akasema papo hapo kwamba hilo ni kosa la mpiga chapa, na mpiga chapa ameshaadhibiwa. Akachukua kalamu akafuta. Akaendelea kusoma, na kila alipokuta neno lile alifuta, mpaka vikabaki vituo vya kupandia peke yake. Mheshimiwa akaachia kiti, akatabasamu, akapitisha. Waziri alipotoka nje akijifuta jasho alihisi kama kuna kitu kimepungua kwenye mpango wake, lakini katika nchi ile mpango ukishapitishwa haulizwi umepungukiwa na nini.

Siku ya uzinduzi ikafika, na alfajiri ya siku hiyohiyo zikaja habari kwamba Mwanatumu amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti kama mnadi. Mama mtu yu hoi kwa njaa.

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Dawa utaletewa, chakula uletewe na wako. Na geti la kupeleka chakula lilifungwa adhuhuri, saa sita kamili, likishafungwa ni mpaka kesho. Bi Siwatu hakuuliza zaidi. Akawasha jiko, akapika uji wa pilipili manga, ule wa mzazi, mzito kidogo, akautia samli na tangawizi, akaumimina kwenye kindoo cha mfuniko, akakifunga kwa khanga kama anavyofungwa mtoto. Akafikiria kilima. Akayafikiria magoti. Akamshukuru Mungu na Wizara ya Mwendo, kwa mpangilio huo, akatoka kwenda kupanda basi.

Basi lilikuwa limeegeshwa Bondeni, jipya, linang'aa, limefungwa utepe kama zawadi. Mlangoni alisimama kondakta kijana, Jongo, amevaa shati la mikono mirefu na kitambaa begani kimeandikwa MPANDISHAJI. Akampa Bi Siwatu mkono, akampandisha, akamkalisha kiti cha mbele karibu na dirisha. Kiti kilikuwa cha moto kama chapati. Bi Siwatu akashika chini, akagundua joto linatoka wapi, akaweka kindoo chake sakafuni juu ya tundu lake, akaona kumbe hata theluji ina faida.

Nje hotuba ziliendelea. Dakta Makungu alizungumza kwa niaba ya wizara. "Leo mkazi wa kawaida amepanda," alisema. "Kesho atapanda. Na keshokutwa, hata akiwa hataki, atapanda tena."

Makofi. Utepe ukakatwa, na Mheshimiwa Mpandishi Mkuu mwenyewe akapanda basi la kwanza, waziri nyuma yake, na nyuma ya waziri mtangazaji wa redio ya taifa na kipaza sauti, akitangaza moja kwa moja nchi nzima. Walinzi walifuata nyuma na magari yao.

Kiti cha Mheshimiwa kilikuwa kimepandishwa juu ya vingine vyote, kama inavyompasa. Kilipandishwa kwa moyo mno. Alipokaa, kichwa chake kiligonga paa, akajaribu kukiinamisha, akaonekana kama mtu anayetafuta sarafu. Akavumilia mpaka basi likaruka shimo la kwanza. Baada ya hapo akahamia kwenye kiti kilichokuwa wazi, kando ya Bi Siwatu, na mtangazaji akawaambia wananchi kwamba Mheshimiwa amejipandisha karibu na mkazi wa kawaida.

Bi Siwatu hakumtambua. Usimlaumu. Picha ya Mheshimiwa iliyotundikwa kila duka ilipigwa zamani, siku ambazo nywele zilikuwa bado zinampenda. Huyu aliyekaa hapa alikuwa mzee mwenye kipara, suti nzito na jasho jingi. Bi Siwatu alimkadiria kuwa karani mstaafu anayekwenda kufuatilia haki zake. Alimtazama kwa muda, akingoja. Alipoona hakiji alichokuwa akikingoja, akamwambia pole yake, labda ni jua, lakini hajamwamkia.

Jongo mlangoni alishika nguzo ya basi asianguke. Katika nchi ile Mheshimiwa alikuwa hamwamkii mtu. Shikamoo ni kushika miguu, na miguu iko huko kusikotajwa. Lakini yule mzee alimgeukia Bi Siwatu, akautazama uso wake na khanga yake, na kama mtu aliyetekenywa na kitu cha zamani, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Siwatu, ameridhika. Na kwa kuwa walikuwa sasa wanajuana, akamwuliza swali ambalo abiria yeyote humwuliza jirani yake, ili ajue nani atampisha nani.

"Na wewe baba, unashukia wapi?"

Kimya kilichoanguka humo ndani ungeweza kukifunga kwenye gazeti ukaenda nacho nyumbani. Waziri alifumba macho. Mtangazaji aliziba kipaza sauti kwa kiganja, kisha akaona hatari ya kuziba ni kubwa kuliko ya kutoziba, akaanza kusifia mandhari. Mikono ya Mheshimiwa ilikuwa imeshika chuma kilichokuwa mbele ya kiti chake. Hakujibu. Bi Siwatu akadhani ana uziwi kidogo, akamhurumia, akanyamaza.

Basi likapita sokoni, watu wakapanda. Likapita shuleni, wakapanda. Likapanda kilima, likasimama mbele ya hospitali, na kupitia dirishani Bi Siwatu akaliona geti limefunguliwa wazi, mlinzi amekaa kwenye kigoda anatafuna muwa. Jua bado lilikuwa upande wa asubuhi. Akakamata kindoo chake, akainuka, akaomba njia.

Jongo akasimama katikati ya mlango. "Hapa ni kupanda tu, bibi."

"Na kushuka?"

Kijana akatazama viatu vyake. Akasema kwa huruma kwamba hilo neno hajafundishwa. Semina nzima walifundishwa kufungua mlango, kutabasamu na kupandisha. Wagonjwa wawili waliopona wakapanda, mlango ukafungwa, basi likaondoka na Bi Siwatu wake amesimama, mjukuu wake akibaki nyuma kilimani.

Hapo ndipo abiria walipoanza kuelewa wamepanda kitu gani.

Mwanzoni kila mtu alijaribu bahati yake. Mwanamke mmoja aliomba apande chini. Akakataliwa. Fundi mwashi alisema yeye anaomba kutoka, na waziri akamwuliza anataka kutoka wapi, katika basi au katika taifa, fundi akakaa. Mwingine akasema kwa unyenyekevu angependa kupanda ardhi, na waziri alilipima ombi hilo kwa makini sana kabla ya kumwuliza ardhi iko upande gani wa basi. Mwalimu Ngwali, ambaye darasa lake lilikuwa linamsubiri, alilia kidogo, kisha akapata akili. Basi lilipopita shuleni alitoa kichwa dirishani akawaambia watoto wafungue madaftari. Walipozunguka tena akawapa swali. Mzunguko uliofuata akasahihisha. Watoto walisema baadaye hawajapata kumwelewa kama siku ile, kwa sababu hakuwa na muda wa kurefusha.

Bi Siwatu aliketi. Kindoo kilirudi juu ya tundu. Walipopita hospitali mara ya pili, muwa wa mlinzi ulikuwa umekwisha na alikuwa amesimama, anajinyoosha. Bi Siwatu alimfikiria Mwanatumu amelala na tumbo tupu, anatazama mlango wa wodi, kila unapofunguliwa anadhani ni mama yake. Akamwomba Jongo, kwa kuwa mlangoni hata kindoo kisingeruhusiwa kushuka, basi aichukue hiyo khanga na kindoo chake ampe mlinzi kwa dirishani. Jongo alijaribu kweli, Mungu anamwona, lakini madirisha ya basi lile yalitengenezwa kwa ajili ya theluji. Kichwa kilipenya, kindoo hakikupenya.

Kando yake yule mzee naye hakuwa na raha. Asubuhi kwenye sherehe alikuwa amekunywa maji mengi, kwa sababu kila aliyempa glasi alikuwa anataka kitu. Kipasha joto kilimfanya anywe mengine. Sasa alikuwa amebana magoti, anayumba kidogo kidogo, na Bi Siwatu, ambaye ameona watoto wengi safarini, alimsoma mara moja. Akamwuliza kwa kumnong'oneza kama anataka kujisaidia. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Pole, baba. Mwambie kondakta akushushe."

Mzee akamwita waziri. Wakanong'onezana. Lakini hakuna mnong'ono uwezao kufichika mbele ya bibi aliyekaa kiti cha kando, na Bi Siwatu alisikia yote. Waziri alisema tatizo limetambuliwa. Alisema wizara itajenga kwenye kila kituo jukwaa refu kuliko basi, na ngazi, ili kila abiria atoke basini kwa kupanda, na heshima ya taifa isiguswe. Zabuni ingetangazwa mwakani.

Bi Siwatu akaona amsaidie. Akauliza, samahani baba, na hao watu wakishafika juu ya jukwaa, itakuwaje?

"Wakishafika juu ya jukwaa," akasema Dakta Makungu, "watakuwa si abiria tena. Watakuwa suala la Wizara ya Majengo."

Mzee akafumba macho, magoti yakakaza. Kwenye spika ya basi sauti ya mtangazaji ilisikika ikiwaambia wananchi kwamba kwa mara nyingine Mheshimiwa amepita hospitali, na bado anapanda. Bi Siwatu akauliza huyo Mheshimiwa yuko wapi, yumo humu? Akatazama abiria wote, na jinsi walivyokuwa wanamkwepa yule mzee kwa macho. Akamtazama mzee. Akaitazama mikono yake ilivyokamata chuma, vidole vyeupe. Akaelewa.

Wewe ungefanya nini? Wengine wangepiga magoti. Bi Siwatu magoti yake hayakuwa ya kupigwa ovyo. Na zaidi ya hayo, Mheshimiwa au si Mheshimiwa, aliyekaa pale alikuwa mtoto wa mwanamke fulani, amebanwa na haja, hana pa kwenda. Watoto wake wakibanwa njiani zamani aliwafanyaje? Aliwashughulisha akili.

"Kitendawili," akamwambia.

Mzee akafumbua macho. Ilikuwa miaka mingi hajaambiwa neno hilo. Midomo yake ikajisemea yenyewe: "Tega."

"Nimepanda, sikuvuna. Nimeshuka, sikuanguka."

Dakta Makungu aliruka kutoka kwenye kiti chake. Alisema neno limetamkwa, tena mbele ya kipaza sauti. Mzee akainua kidole kimoja, cha mkono mmoja, akasema mwache, kitendawili hakikamatwi, kisha akaanza kufikiri, na kufikiri kulimpunguzia kubanwa. Waziri alipoona mkubwa wake anacheza, naye akataka acheze. Akasema jibu ni uchumi. Bi Siwatu akasema haya, umepanda, hatujavuna, hapo umepata. Na hiyo nusu ya pili? Waziri akafunga mdomo. Akajaribu tena: ni maendeleo. Ni umeme. Ni mkakati. Abiria walianza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, na mwalimu Ngwali, ambaye jibu alikuwa nalo, aliuma kitambaa chake asilitoe.

Mzee alisema hajui. Alisema alipokuwa mdogo bibi yake alikuwa anamshinda hivihivi.

"Basi nipe mji," akasema Bi Siwatu.

"Nikupe upi?"

"Ulio nao."

Mheshimiwa akatazama nje. Mji wake wote ulikuwa unapita dirishani, soko lake, shule yake, kuta zake zenye maandishi. Alikuwa hajawahi kumpa mtu chochote ndani yake. "Chukua huu," akasema.

Bi Siwatu akaupokea kwa mikono miwili, kama ada ilivyo, akauweka mapajani, akauendea safari.

"Nimekwenda mji wako, baba. Nimekuta umetengenezewa njia nzuri, inapita kila nipatakapo. Nimepanda basi. Nimepita kwa mjukuu wangu, ambaye hana siku, sijamwona. Nimepita tena. Mama yake hajala tangu jana. Uji wake ninao hapa, bado una moto, na hilo nawashukuru waliokwenda kwenye theluji. Nimekaa na wewe vizuri, umeniamkia, sina ugomvi. Lakini mji siuwezi. Nina chumba kimoja tu na kukifagia kunanishinda. Naurudisha. Na jibu lako ni abiria."

"Abiria?"

"Abiria. Anapanda wala hana shamba. Na anashuka kila siku, baba, kweupe, watu wanamwona, na hakuna anayempa pole."

Mzee akacheka. Alicheka mara moja tu, akajikamata haraka, kwa maana kucheka na kubanwa havipatani, lakini abiria walisikia, na wao wakaachia vicheko vyao walivyokuwa wamevifungia, basi zima likacheka mpaka dereva akauliza kuna nini.

Basi lilikuwa linakipanda kilima. Kivuli cha nguzo ya geti kilikuwa kimebaki kidogo kama kisigino, na mlinzi alikuwa ameshaondoa kigoda chake. Alikuwa ameshika mnyororo. Ubao mmoja wa geti alikuwa ameusukuma tayari, anauendea wa pili. Bi Siwatu akainua kindoo, akakipakata, akamgeukia jirani yake aliyekuwa amemzibia njia ya kutokea.

"Nilikuuliza jambo tangu asubuhi," akamwambia kwa upole. "Hukunijibu."

Dakta Makungu akainama akanong'ona kwamba jukwaa linaweza kuharakishwa. Mtangazaji alikuwa amesogeza kipaza sauti, si kwa ujasiri, mkono ulikuwa umekufa ganzi ukakisahau pale. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza ngurumo ya basi. Jongo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitasa, anamtazama yule mzee kama mtu anayengoja kufundishwa neno.

Mheshimiwa aliitazama mikono yake. Akaachia chuma, kidole baada ya kidole, kama anayevihesabu kuona kama vyote bado ni vyake. Kisha akainua kiganja, akagonga ubavu wa basi mara mbili, kwa nguvu, vile watu walivyokuwa wakigonga zamani kabla hajawa mkubwa.

"Nashuka hapa, mama," akasema. "Lete kindoo nikushikie."